Kuchambua Data za Kalibresheni ya DSC: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wa maabara wanaotumia DSC, yaani kalorimita inayopasha sampuli na pani tupu kwa pamoja na kupima tofauti ya joto linaloingia kwenye kila moja. Maswali mawili karibu na mwisho yanahusu TGA, mizani yenye tanuri. Neno "pani" hapa ni kile kisahani kidogo cha alumini cha kuwekea sampuli, na "onseti" ni halijoto ambapo kilele kinaanza, ikipatikana kwa kukutanisha mistari miwili kwenye grafu.

Ninapochambua data za kalibresheni, natafuta nini hasa?

Vitu viwili, na visichanganywe. Cha kwanza ni mhimili wa halijoto: mashine ikisema 157.0 °C, sampuli iko kwenye nyuzi ngapi kweli? Cha pili ni mhimili wa joto: mashine ikisema imepima milijuli 180, ni ngapi zimeingia kweli? Mashine inaweza kuwa sahihi kwenye kimoja na kupotoka kwenye kingine. Onseti nzuri ya indiamu, metali inayotumika sana kukagulia DSC, haikuhakikishii kwamba enthalpi (hapa, joto la kuyeyusha kila gramu) ni nzuri, na kinyume chake.

Kuna tofauti gani kati ya kalibresheni, marekebisho na uhakiki?

Kalibresheni ni kulinganisha: unapima kitu ambacho thamani yake inajulikana, unaandika tofauti. Marekebisho ni kubadilisha vigezo ndani ya programu ili tofauti ipungue. Uhakiki ni kupima tena na kuona kama mashine iko ndani ya mipaka uliyojiwekea.

Baadhi ya programu za DSC zina kitufe kimoja kinachofanya yote matatu kwa mpigo, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Ukibonyeza kabla ya kuhifadhi thamani uliyoikuta, umefuta ushahidi pekee wa hali ya mashine katika wiki zilizopita. Kwa hiyo kwanza pima indiamu bila kugusa kigezo chochote, hifadhi faili ghafi, andika onseti na enthalpi. Kisha amua kama marekebisho yanahitajika. Mara nyingi hayahitajiki.

Nitumie nyenzo rejea zipi, na thamani zake ni ngapi?

Metali safi, kwa sababu huyeyuka kwenye halijoto moja. Thamani zinazotumika sana ni hizi:

Galiamu: 29.76 °C, takribani 80 J/g
Indiamu: 156.60 °C, takribani 28.6 J/g
Bati: 231.93 °C, takribani 60.4 J/g
Risasi: 327.46 °C, takribani 23 J/g
Zinki: 419.53 °C, takribani 108 J/g

Halijoto za galiamu, indiamu, bati na zinki ni miongoni mwa pointi maalumu za kipimo cha kimataifa cha halijoto cha mwaka 1990, ITS-90, ndiyo maana hazibishaniwi. Enthalpi ni habari nyingine. Kwa indiamu peke yake utakutana na vyeti vyenye thamani kati ya 28.4 na 28.7 J/g. Tumia namba iliyo kwenye cheti cha kipande ulichonacho mkononi, si ile iliyojazwa tayari kwenye programu. Watu wengi hawaiangalii hiyo ya programu hata mara moja, na tofauti ya 0.2 J/g ni karibu asilimia 0.7 ya kosa la bure.

Chini ya sifuri watu hutumia maji yaliyosafishwa (0 °C, karibu 334 J/g) kwenye pani iliyofungwa isivujishe. Kwa galiamu na zebaki uwe na hadhari: zote mbili hula alumini. Usiziweke kwenye pani ya kawaida, na kamwe zisigusane na kihisi.

Kwa nini tunasoma onseti na si ncha ya kilele?

Tazama kinachotokea ndani ya pani. Indiamu ikifika 156.60 °C inaanza kuyeyuka, na mpaka tone la mwisho liyeyuke halijoto yake haipandi. Tanuri, hata hivyo, linaendelea kupanda kwa kasi ileile. Pengo kati ya tanuri na sampuli linakua kwa kiwango kisichobadilika, na joto linaloingia linakua nalo. Ndiyo sababu upande wa mbele wa kilele cha metali safi ni mstari ulionyooka. Metali ikiisha kuyeyuka, pengo linajifunga na grafu inarudi kwenye mstari wa msingi, yaani pale ilipo pasipo kilele, kwa mkunjo laini.

Kwa hiyo ncha ya kilele haionyeshi kiyeyuko kimeanzia wapi. Inaonyesha kimeishia lini, na hilo linategemea uzito. Indiamu ya mg 10 inachukua muda mrefu zaidi kuyeyuka kuliko ya mg 2, na ncha yake inaweza kusogea digrii moja au zaidi. Onseti za zote mbili zitakuwa karibu sawa.

Namna ya kuipata: chora mstari wa msingi kwa kutumia sehemu tulivu kabla ya kilele, tuseme kati ya 145 na 153 °C, urefushe kwenda mbele. Kisha chora mstari mguso kwenye sehemu yenye mwinamo mkali kuliko zote upande wa mbele. Zinapokutana ndipo ilipo onseti. Usiache programu ichague yenyewe bila kukuza picha. Ikiwa data zilirekodiwa kwa nafasi kubwa, kwa mfano pointi moja kila sekunde mbili, upande wa mbele unabaki na pointi chache mno, na mstari mguso unayumba kwa sehemu za kumi za digrii. Pointi tano kwa sekunde zinatosha.

Kwa plastiki mambo ni tofauti. Kiyeyuko chake kimetawanyika kwa digrii nyingi, hivyo watu huripoti ncha. Lakini kalibresheni yenyewe hufanywa kwa onseti ya metali.

Upashaji wa kwanza na wa pili vinatoa majibu tofauti. Nichukue upi?

Wa pili. Kwenye wa kwanza indiamu bado ni kipande kigumu kinachogusa pani kwa pointi chache. Kikiyeyuka kinatandaa na kugusana na sakafu ya pani vizuri. Kilele cha kwanza mara nyingi kina meno au kimepinda.

Utaratibu unaofaa: kata mg 5 hadi 10 kwa wembe safi, bapaza kwa kibano, weka katikati ya pani, funga mfuniko. Pasha hadi 180 °C kwa 10 °C kwa dakika, poza hadi 100 °C kwa kasi ileile, subiri dakika tano, pasha tena. Chambua huo wa pili. Wa tatu ukifanana nao ndani ya 0.1 °C na asilimia 0.5 ya enthalpi, data hizo unaweza kuziamini. Usipitishe 180 °C bila sababu. Indiamu ikipashwa sana inazidi kuoza kwa oksijeni na pani yako haitadumu miezi.

Onseti yangu inabadilika nikibadilisha kasi ya kupasha. Mashine ina kasoro?

Hapana. Kihisi kiko nje ya sampuli, na joto linachukua muda kusafiri. Kadiri tanuri linavyokimbia, ndivyo kihisi kinavyokuwa mbele ya sampuli. Huu mchelewo unapimika, na ni kazi ya nusu siku inayolipa.

Tuchukue mfano wa kipande kimoja cha indiamu kilichopashwa kwa kasi nne. Kwa 2 °C kwa dakika onseti ni 156.71, kwa 5 ni 156.91, kwa 10 ni 157.19, kwa 20 ni 157.81. Weka kasi kwenye mhimili wa mlalo na onseti kwenye wima, kisha pitisha mstari mnyoofu kwa kanuni ya miraba midogo kabisa. Mwinamo unatoka 0.060 °C kwa kila °C/dakika, na mstari unakata wima kwenye 156.60 °C.

Namba hizo mbili zinasema mambo mawili. Mkato wa 156.60 unaonyesha kwamba kihisi chenyewe hakina kosa. Kasi ikikaribia sifuri mashine inasema kweli. Mwinamo wa 0.060 wa dakika ni sawa na sekunde 3.6, na huo ndio mchelewo. Sasa angalia mabaki, yaani umbali wa kila pointi kutoka kwenye mstari: hapa kubwa kuliko yote ni 0.014 °C. Ingekuwa pointi ya kasi 20 peke yake imeruka juu kwa 0.2, ungeshuku sampuli nzito mno au pani isiyokaa sawasawa, si kihisi.

Mtu asiye na data hizi akikuta 157.19 kwenye kasi ya 10 atarekebisha kihisi kwa 0.59. Kesho yake akipima dawa kwa kasi ya 2, atakuwa ameshusha majibu yake yote kwa karibu nusu digrii. Ama rekebisha mchelewo kwenye programu kama ina nafasi hiyo, ama fanya kalibresheni kwa kasi ileile unayotumia kupimia sampuli.

Indiamu peke yake inatosha?

Inatosha ikiwa unapima karibu na 156 °C. Ukifanya kazi hadi 300 au 400, weka pointi mbili na ya tatu ya kukagua. Kwa mfano indiamu imesomeka 157.02 na zinki 420.61. Halijoto za kweli ni 156.60 na 419.53. Mwinamo ni (419.53 − 156.60) ÷ (420.61 − 157.02), yaani 262.93 ÷ 263.59, unapata 0.99750. Nyongeza ni 156.60 − 0.99750 × 157.02, kama −0.03.

Bati sasa ndiyo shahidi. Halikutumika kutengeneza mlinganyo, kwa hiyo linaweza kuukosoa. Limesomeka 232.52, baada ya mlinganyo linakuwa 231.91, dhidi ya 231.93. Tofauti ya 0.02 °C inakubalika bila mjadala. Usiliingize bati kwenye mlinganyo ili "kuboresha" jibu. Mstari uliopita kwenye pointi zote tatu haujabakiwa na pointi ya kuupima.

Kigezo cha enthalpi kinakokotolewaje?

Zidisha uzito kwa enthalpi ya cheti, gawanya kwa eneo la chini ya kilele lililopimwa na mashine. Indiamu ya mg 6.42 yenye 28.6 J/g inapaswa kutoa mJ 183.6. Mashine imetoa 178.9. Uwiano ni 183.6 ÷ 178.9 = 1.026.

Sasa swali ambalo hufanya maabara ipoteze wiki nzima: hiyo 178.9 ilitoka kigezo cha zamani kikiwa tayari kimetumika, au la? Ikiwa programu ilikuwa na 1.012 wakati wa kupima, kigezo kipya ni 1.012 × 1.026, yaani 1.038. Ukiandika 1.026 mahali pa 1.012 umerekebisha nusu tu ya kosa. Dalili yake ni hii: unapima tena kwa uhakiki na kosa limebaki karibu nusu, limepungua bila kuisha. Ukiiona, usirudie kalibresheni mara ya tatu. Fungua ukurasa wa vigezo, usome kilichomo.

Mipaka ya eneo la kilele niiweke wapi?

Kwa indiamu, kuanzia kama 150 hadi 165 °C kwa kasi ya 10, ukiwa na mstari wa msingi mnyoofu. Mpaka wa kushoto hausumbui. Wa kulia ndio wenye hila, maana mkia wa kilele unarudi taratibu na jicho linadanganyika kwamba umeisha. Jaribu hivi: kokotoa eneo ukiweka mpaka wa kulia kwenye 160, 163, 166 na 170. Likiongezeka kisha likatulia, mpaka wako ni pale lilipotulia. Likiendelea kuongezeka au kupungua bila kukoma, mstari wa msingi umeinama au umepinda, na hakuna mpaka utakaokuokoa. Safisha selo, yaani chumba kidogo zinamokaa pani, na upime pani tupu upya.

Mipaka iwe ileile mwezi hata mwezi. Watu wawili wenye mipaka tofauti wanaweza kutofautiana kwa nusu asilimia kwenye faili moja.

Mizani inachangia kiasi gani?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Kosa la mg 0.1 kwenye mg 6.42 ni asilimia 1.6, na limeshakula zaidi ya nusu ya marekebisho yako. Kosa la 0.01 ni asilimia 0.16. Tumia mizani yenye kusoma hadi mg 0.001 au angalau 0.01, pima pani na mfuniko vikiwa vitupu kwanza, kisha pamoja na metali. Zima feni na kiyoyozi kinachopuliza mezani. Usishike pani kwa vidole. Mafuta ya ngozi yana uzito, na yakipashwa yanaacha alama kwenye grafu.

Kilele changu kina sura ya ajabu. Kinanieleza nini?

Sura huja kabla ya namba, kwa hiyo itazame kabla hujasoma onseti.

Upande wa mbele uliopinda badala ya kunyooka: metali si safi, au imeshaanza kuchanganyika na pani. Onseti nayo itakuwa imeshuka. Vilele viwili vilivyogandana: metali imegawanyika vipande viwili ndani ya pani, kimoja kikigusa sakafu na kingine kimepanda ukutani, pasha tena, kikibaki hivyo tengeneza pani mpya. Kilele kilichonenepa na kufupika huku eneo likiwa sawa: mgusano mbaya, mara nyingi chini ya pani pamevimba kwa sababu ya kubanwa vibaya. Weka pani juu ya kioo na uisukume kwa ncha ya kibano. Ikicheza, itupe. Mwiba mwembamba wa ghafla popote pale: mtikisiko wa meza, au mtu amefunga mlango kwa nguvu.

Kilele kikielekea chini na mwenzako chake kikielekea juu, hakuna tatizo. Mashine nyingine huchora ufyonzaji wa joto kwenda juu, nyingine kwenda chini. Andika mshale kwenye kila grafu unayotoa.

Zinki ilikuwa sawa jana, leo imeshuka digrii kadhaa. Kwa nini?

Kwa sababu imekula pani. Zinki na alumini hutengeneza mchanganyiko unaoanza kuyeyuka 381 °C, chini kabisa ya kiyeyuko cha zinki. Kila upashaji unazidisha kuchanganyika. Zinki ndani ya alumini ni ya kutumia mara moja na kutupa, hata kama metali yenyewe ni ghali. Vilevile usiyeyushe metali yoyote kati ya hizi kwenye pani ya platinamu: itaungana nayo, na pani imekwisha.

Nilifanya kalibresheni kwa nitrojeni, sampuli nitazipima kwa heliamu. Ni sawa?

Si sawa. Heliamu hupitisha joto vizuri kuliko nitrojeni, hivyo joto linalofika kwenye kihisi linabadilika, na onseti na eneo vyote viwili vinasogea. Gesi, kasi ya mtiririko (kwa kawaida mL 50 kwa dakika), aina ya pani na kasi ya kupasha ni sehemu ya kalibresheni. Badilisha kimoja na kigezo hakikuhusu tena. Tengeneza faili la vigezo kwa kila mchanganyiko unaoutumia kweli, na lipe jina linalosema yote manne.

Kuna kilele kidogo karibu na 0 °C hata pani ikiwa tupu. Kinatoka wapi?

Ni barafu. Selo ikipozwa chini ya sifuri, unyevu wa hewa unaganda ndani yake. Mahali kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, kufungua selo kwa dakika moja ikiwa baridi kunatosha kuleta shida. Weka sampuli selo ikiwa kwenye halijoto ya chumba au juu yake, acha gesi ya kukausha ipite muda wote, na kabla ya kupoza pasha selo tupu kwa nusu saa hivi kufukuza maji. Ukipima sampuli yenye maji bila kulijua hili, utaripoti barafu ya mashine kama maji ya sampuli.

Je, kalibresheni kwa safaya inahitajika?

Ukipima joto mahsusi, yaani joto la kupandisha gramu moja kwa digrii moja, ndiyo. Safaya ni kidonge cha oksidi ya alumini ambacho joto lake mahsusi linajulikana vizuri: karibu 0.775 J kwa gramu kwa digrii kwenye 25 °C, na linapanda jinsi halijoto inavyopanda. Fanya mapito matatu kwa utaratibu uleule: pani tupu, safaya, sampuli. Toa pito la pani tupu kwenye mengine mawili, halafu linganisha urefu uliobaki, ukizingatia uzito wa kila kimoja. Pani zitofautiane kwa uzito chini ya mg 0.1. Mstari wa pani tupu ukipanda baina ya pito la kwanza na la mwisho, rudia yote, maana hapa unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa na kinachobaki ni kidogo.

Kwenye TGA nikague nini?

Mizani kwanza, kwa uzito wenye cheti, kwenye halijoto ya chumba na gesi ikipita. Halafu pito la pani tupu hadi mwisho wa programu yako. Utaona uzito "ukiongezeka" jinsi tanuri linavyopata moto: gesi moto ni nyepesi, hivyo inaibeba pani kwa nguvu ndogo kuliko ilivyoibeba mwanzo. Sehemu zinazoning'inia zikiwa na ujazo wa mL 0.05, nitrojeni ikitoka 25 hadi 600 °C, ongezeko ni karibu mg 0.04. Kwenye sampuli ya mg 10 hiyo ni asilimia 0.4. Toa pito tupu kwenye kila data, kwa gesi na mtiririko uleule.

Halijoto hukaguliwa kwa metali za sumaku. Weka nikeli kwenye pani na sumaku chini ya tanuri. Nikeli ikipoteza usumaku, kati ya 354 na 358 °C kutegemea cheti, uzito unaonekana kuruka. Chuma hufanya hivyo karibu na 770.

Oksaleti ya kalsiamu, chumvi ya kukagulia TGA, imetoa namba tofauti kidogo na za kitabuni.

Yenye molekuli moja ya maji inapaswa kupoteza asilimia 12.33 (maji), 19.17 (monoksidi ya kaboni) na 30.12 (dioksidi ya kaboni), ikabaki 38.38. Hatua ya kwanza pekee ikizidi, tuseme 12.9, sampuli ina unyevu wa juu na mizani haina kosa. Angalia basi uwiano wa hatua ya tatu kwa ya pili: uwe karibu 1.57. Ukikaa hapo, mizani ni nzima. Lakini usiitumie oksaleti kurekebisha halijoto. Kuvunjika kwake kunasogezwa na gesi, uzito na kasi ya kupasha kwa makumi ya digrii.

Shaka ya kipimo niikokotoeje?

Pima indiamu mara tano, ukitoa na kurudisha pani kila mara. Mfano: 28.41, 28.55, 28.47, 28.62, 28.50 J/g. Wastani ni 28.51, mchepuko sanifu 0.080, na shaka ya wastani ni 0.080 gawanya kwa kipeo cha pili cha tano, yaani 0.036, sawa na asilimia 0.13. Ongeza vyanzo vingine, vyote kwa asilimia: mizani 0.08, cheti 0.2 (ikiwa kimeandika 0.4 kwa k = 2, yaani shaka iliyozidishwa mara mbili), na uchaguzi wa mstari wa msingi 0.3. Zipige mraba, zijumlishe, tafuta kipeo: 0.39. Kwa k = 2 ni asilimia 0.78.

Angalia kilichotawala. Si marudio, ni mstari wa msingi. Kupima mara kumi badala ya tano hakutakusaidia kitu. Kusafisha selo kutakusaidia.

Nipime mara ngapi, na lini nirekebishe?

Uhakiki wa indiamu kila wiki kwa mashine inayotumika kila siku, na kila baada ya kubadilisha gesi, kusafisha selo kwa moto, au umeme kukatika ghafla. Baada ya umeme kurudi, acha mashine na gesi vitulie saa moja kabla ya kupima. Chora kila jibu kwenye chati: mstari wa kati ni thamani ya cheti, mipaka ni ile uliyoiweka kwenye utaratibu wako, kwa mfano ±0.3 °C na ±1%.

Pointi moja nje ya mipaka ni sababu ya kupima tena kwa pani mpya, si sababu ya kurekebisha. Pointi sita au saba zikishuka mfululizo, hata kama zote ziko ndani, hizo ndizo za kukuamsha: selo inachafuka au kihisi kinachoka. Anayerekebisha kila wiki hawezi kuiona dalili hii, kwa sababu kila wiki anarudisha chati mwanzo.

Nimekuta mashine ilikuwa nje ya mipaka. Matokeo yaliyokwisha kutoka yafanywe nini?

Rudi kwenye uhakiki wa mwisho uliokuwa mzuri. Kila kilichopimwa kati ya siku hiyo na leo kiko kwenye swali. Maabara zenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, zinatakiwa kuchunguza athari hii na kuiandika, lakini hata isiyo na ithibati inawiwa na wateja wake jambo hilohilo. Kama onseti ilipotoka 0.5 °C na kipimo cha mteja kilikuwa na mpaka wa 3 °C huku jibu lake likiwa katikati, andika hesabu hiyo na uishie hapo. Kama jibu lilikuwa ukingoni, toa sampuli iliyohifadhiwa, pima upya, mtumie mteja ripoti mpya yenye namba ya ile ya zamani na maelezo ya kilichobadilika.

Hesabu hiyo inawezekana tu kama ulihifadhi faili ghafi la indiamu kabla ya kugusa vigezo.